Mtandao wa chuo na mafaili makubwa: tathmini ya eduroam na vizuizi vyake Uganda

Jibu la haraka kwanza. Eduroam katika vyuo vya Uganda ni huduma nzuri kwa kusoma, kutafuta makala, kuhudhuria vipindi vya video na kutuma barua pepe. Kwa kuhamisha mafaili makubwa ni nusu huduma. Faili lililoko nje ya nchi utalipata ukiwa na subira na programu inayofaa, lakini lililo kwenye laptopu ya mwenzako kitanda cha pili, mara nyingi mtandao huohuo hautakuruhusu kulichukua. Hiyo ndiyo kasoro kubwa kuliko zote na tutaichambua kwa kirefu, maana inamgharimu mwanafunzi na inaulemea mtandao wenyewe.

Kwa asiyeijua, eduroam ni waifai ya vyuo vikuu na taasisi za utafiti, inayotumika katika nchi nyingi duniani kwa akaunti moja. Hapa Uganda inaendeshwa na RENU, mtandao wa elimu na utafiti ulioanzishwa mwaka 2006, ambao kupitia mpango wake wa Metro eduroam umeisogeza huduma nje ya kuta za vyuo, zikiwemo baadhi ya hosteli. Mwanafunzi wa Mbarara akija Kampala, laptopu yake inajiunga bila kumuuliza mtu. Mkenya au Mtanzania aliyekuja kufanya utafiti huingia vilevile, mradi chuo chake cha nyumbani kimo kwenye eduroam.

Kuna jambo moja ambalo wengi hawalijui na ambalo linaeleza malalamiko mengi. Akaunti yako inathibitishwa na chuo chako, lakini vizuizi unavyokutana navyo ni vya mahali ulipo. Ndiyo maana programu ileile inapita maktaba ya chuo kimoja na kukwama katika ukumbi wa chuo kingine, ingawa jina la waifai ni lile na nywila ni ileile. Kabla ya kuilaumu akaunti, jiulize uko kwenye mtandao wa nani.

Kuingia

Hapa hatukai sana. Andika jina la mtumiaji lote pamoja na kikoa cha chuo, yaani jina au namba yako, alama ya @, kisha ule mkia unaoishia na .ac.ug. Ukiuacha mkia, chuoni kwako huenda ukapita, ila ukiwa ugenini seva haijui ikupeleke wapi ukathibitishwe, na utakataliwa. La pili ni cheti, yaani kitambulisho cha kidijitali cha seva. Matoleo ya Android kuanzia la 11 yamekuwa yakiondoa chaguo la kuruka ukaguzi wa cheti, hivyo maelekezo ya zamani yaliyobandikwa mlangoni hayafanyi kazi tena kwenye simu mpya. Pakua programu ya geteduroam, chagua chuo chako, weka akaunti, imekwisha. Kama chuo hakimo kwenye orodha yake, ofisi ya TEHAMA ikupe faili la cheti pamoja na jina la seva la kuandika kwenye nafasi ya kikoa.

Kwenye laptopu usiruke ukaguzi huo hata kama inakubali. Mtu yeyote anaweza kuwasha ruta yenye jina la eduroam katikati ya mtaa wa Wandegeya, Kampala, na kukusanya nywila za waliouruka, na nywila hiyo mara nyingi ndiyo inayofungua matokeo yako ya mitihani na barua pepe.

Kikomo cha kasi, na hesabu yake

Kizuizi cha kwanza utakachokigusa ni kikomo cha kasi kwa kila mtumiaji. Tuchukue kikomo cha megabiti 2 kwa sekunde. Gigabaiti 1 ni takribani megabiti 8,000, kwa hiyo inahitaji sekunde 4,000, yaani saa 1 na dakika 7. Faili la kusakinishia Ubuntu 24.04, lenye karibu GB 5.7, litachukua zaidi ya saa 6. Kwa hesabu hii tu unaelewa kwa nini kupakua kwa kivinjari ni kujitafutia uchungu. Umeme ukikatika na akses pointi ya ghorofani ikazima, kivinjari kinaweza kushindwa kuendelea pale kilipoishia, na saa 5 za kusubiri zikapotea.

Dawa ni programu inayoweza kuendelea. Kwenye Linux, wget yenye alama ya -c inatosha. Kwenye Windows, aria2 au programu yoyote ya kupakua inayohifadhi hatua iliyofikia. Kuna imani kwamba kufungua miunganisho 16 kwa pamoja huongeza kasi, na inategemea kikomo kimewekwaje. Kama kipo kwa kila muunganisho, miunganisho 4 itakupa karibu mara 4. Kama kipo kwa kila mtumiaji, hupati hata baiti moja ya ziada, na unajiweka kwenye hatari ya kuonekana kama mtu wa torenti, mfumo wa watumiaji kubadilishana vipande vya mafaili wao kwa wao. Jipime: pakua faili moja kwa muunganisho mmoja kwa dakika 1, kisha kwa miunganisho 4. Jumla ikibaki ileile, acha.

Kwenye waifai nyingine za chuo, zile zinazokufungulia ukurasa wa kuingia, kuna tatizo lake la pekee. Muda wako ukiisha katikati ya upakuaji usio na usimbaji (usiofichwa njiani), unachopokea ni ukurasa wa kuingia uliovaa jina la faili lako. Ukikuta faili la kusakinishia lenye KB chache, lifungue kwa Notepad na utaliona. Baada ya kupakua faili lolote kubwa linganisha alama ya SHA256, utambulisho wa maudhui ya faili, na ile iliyo kwenye tovuti. Kwenye Windows unaandika certutil -hashfile, jina la faili, kisha SHA256. Ni dakika moja tu, na inakuepusha na diski inayokataa kuwaka huku laptopu ya mtu iko wazi mezani.

Torenti: kwa nini zinakatwa

Vita hivi vilianzia Marekani. Napster, huduma ya kubadilishana muziki, ilipotokea mwaka 1999 laini za vyuo vya huko zilijaa, na mwaka uliofuata baadhi yao wakaifunga. BitTorrent ikaja mwaka 2001 na kuwa ngumu zaidi kuizuia, kwa sababu haina seva moja ya kufunga. Sheria ya elimu ya juu ya Marekani ya mwaka 2008 ikavitaka vyuo viwe na mpango wa kupambana na usambazaji haramu wa kazi zenye hakimiliki. Uganda ina Sheria ya Hakimiliki na Haki Jirani ya mwaka 2006, na malalamiko ya mwenye kazi hufika kwanza kwa mwenye anwani ya IP, ambaye ni chuo. Hata hivyo ukizungumza na wanaolinda mitandao hii, filamu haramu si kinachowakosesha usingizi. Ni idadi ya miunganisho.

Programu ya qBittorrent ikisakinishwa bila kuguswa inaruhusu hadi miunganisho 500. Tuwe wapole tuseme 200. Wanafunzi 300 wakiiacha wazi usiku, ruta ya chuo inalazimika kukumbuka miunganisho 60,000 kwenye jedwali lake, mingi ikiwa ya kubisha hodi kwa kompyuta zilizokwisha kuzimwa upande wa pili wa dunia. Jedwali likijaa, aliye kwenye kipindi cha video anaona picha imeganda, ingawa kipimo cha laini kinaonyesha nafasi ipo. Juu ya hapo torenti inapakia wakati inapakua, na hiyo inagombania nafasi na barua pepe na kazi za wanafunzi zinazopandishwa. Kwa hiyo sababu ya kizuizi ni ya kweli, na tunaiunga mkono.

Tusichokiunga mkono ni namna kinavyowekwa. Kufunga poti (milango ya mtandao yenye namba) 6881 hadi 6889 ni kazi bure, kwani programu za leo huchagua poti yoyote. Kichujio cha kusoma maudhui kwenye ruta za MikroTik huangalia mwanzo tu wa muunganisho, pakiti 10 za kwanza au KB 2, na torenti iliyosimbwa haionyeshi chochote hapo. Kile kigezo cha zamani cha p2p ambacho mafundi wengi walijifunzia kiliondolewa katika matoleo ya baadaye ya RouterOS 6, mfumo wa ruta hizo, kwa hiyo mistari iliyonakiliwa kutoka miongozo ya zamani haifanyi kazi. Fayawoli (kinga za mtandao) za bei kubwa hutambua kwa tabia, na hapo ndipo asiye na hatia anapoumia: trafiki nyingi ya UDP kwenda anwani nyingi inaweza kuhesabiwa torenti hata ikiwa ni simu ya video.

Kwa mwanafunzi, ushauri wetu ni mfupi. Karibu kila torenti halali ina mlango wa HTTPS pembeni: Ubuntu, Debian, LibreOffice, mafaili ya Kiwix (programu ya kusoma tovuti bila intaneti) yenye Wikipedia nzima, hata vitabu vya Internet Archive. Tumia mlango huo. Kama chuo chako kinaruhusu torenti, shusha miunganisho hadi 50, weka kikomo cha kupakia cha KB 20 kwa sekunde, na uzime ile tabia ya programu kujiwasha pamoja na Windows.

Na VPN, ile programu inayopitisha trafiki yako kwa siri kwenye seva nyingine? Wengi hapa waliizoea tangu Julai 2018, kodi ya shilingi 200 kwa siku ilipowekwa kwenye mitandao ya kijamii, na wakaishikilia Facebook ilipofungwa Januari 2021. Kwa mafaili makubwa haikusaidii. Kikomo cha kasi kipo kwenye kifaa au akaunti yako, na VPN inapita ndani ya kikomo hichohicho ikiwa na mzigo wake wa usimbaji na safari ya ziada hadi seva ya mbali. Kanuni za matumizi za vyuo vingi huhesabu kukwepa kichujio kuwa kosa la kufungiwa akaunti. Na VPN ya bure inalipwa kwa namna fulani: mwaka 2015 ilibainika kwamba Hola ilikuwa ikitumia laini za wateja wake wa bure kupitishia trafiki ya watu wengine.

Kizuizi kinachouma: vifaa kutengwa

Sasa tufike penyewe. Akses pointi nyingi za vyuo, kile kisanduku cheupe kwenye dari, zimewekwa ili kifaa kimoja kisiweze kuzungumza na kingine. Kila laptopu inaona ruta na dunia ya nje, lakini haimwoni jirani. Dalili ziko wazi: programu ya kuhamisha mafaili ya LocalSend inatafuta bila kumwona mtu, printa ya waifai haionekani, folda ya Windows iliyoshirikishwa haifunguki.

Sababu za kutenga vifaa ni nzito. Kirusi cha WannaCry cha Mei 2017 kilisambaa chenyewe kutoka Windows moja hadi nyingine kupitia poti 445, na mtandao wa wazi wenye laptopu mia kadhaa zisizosasishwa ni shamba lake. Mtu mwenye programu ndogo tu anaweza kujifanya ruta na kusikiliza trafiki ya wenzake. Zaidi ya hayo, ujumbe unaotangazwa kwa wote kwenye waifai hurushwa kwa kasi ya chini kabisa ili kila kifaa kiusikie, na vifaa 100 vikitangaza kwa pamoja vinakula muda wa hewani wa kila mtu. Kwa hiyo hatusemi kizuizi hiki kiondolewe.

Lakini tazama kinachotokea chuo kikitenga vifaa halafu kisiweke seva yoyote ya ndani. Darasa la wanafunzi 80 linahitaji folda ya MB 600: slaidi, video mbili za maabara, programu ya takwimu. Mwakilishi wa darasa anaituma kwenye kundi la WhatsApp, inayopokea mafaili hadi GB 2. Folda inapanda mara moja hadi seva za ng'ambo na kushuka mara 80. Hizo ni GB 48 zimepita kwenye laini ya nje ya chuo, kwa kitu ambacho hakikuhitaji kutoka chumbani. Kwenye laini ya megabiti 100 kwa sekunde, hiyo ni zaidi ya saa 1 ya laini nzima ikiwa haifanyi kazi nyingine yoyote.

Syncthing, programu ya kuoanisha mafolda kati ya vifaa, inaonyesha jambo hilohilo kwa ukali zaidi. Vifaa viwili vikionana moja kwa moja, hutumia poti 22000 na faili linavuka chumba kwa kasi ya waifai. Vikitengwa, programu inatafuta seva ya kupokezana nje, na faili la kutoka meza hii hadi ile linasafiri hadi bara jingine na kurudi, likihesabiwa mara mbili kwenye laini ya chuo. Ukifungua Syncthing na kuona muunganisho wako umeandikwa kuwa wa kupitia seva nyingine, simamisha uhamishaji, maana hapo unaibebesha laini mara mbili.

Kujua kama umetengwa, usitegemee ping, amri ya kupima kama kifaa kinajibu, kwa kuwa Windows huikataa kwa kawaida na utadhani ni mtandao. Kwenye laptopu moja ingia kwenye folda ya majaribio, andika python3 -m http.server 8000, kisha kwenye simu iliyo kwenye waifai ileile fungua kivinjari uandike anwani ya IP ya laptopu, nukta pacha, 8000. Fayawoli ya Windows ikiuliza, ruhusu. Orodha ya mafaili ikitokea, hujatengwa. Ikizunguka tu hadi kuchoka, rudia jaribio lilelile kwenye hotspoti ya simu. Ikikubali huko, umepata jibu. Kuwa makini: njia hii haina nywila, na kila aliye kwenye mtandao anaona folda uliyoifungua pamoja na vilivyomo. Usiiwashe ukiwa kwenye folda yako kuu.

Njia inayofanya kazi leo

Kati ya programu za kuhamisha mafaili kwa karibu, tunaipa LocalSend nafasi ya kwanza. Ni ya bure, haina matangazo, haihitaji akaunti, inafanya kazi Android, iPhone, Windows, Mac na Linux, na inasimba inachotuma. Xender na SHAREit zinajulikana zaidi hapa, na zina faida moja ya kujiwashia hotspoti zenyewe, lakini matangazo na ruhusa zinazoomba hazilingani na kazi ya kuhamisha slaidi. Quick Share ni nzuri hasa kati ya Android na Windows.

Kwa kuwa eduroam itaitenga LocalSend, utaipitisha kwenye hotspoti ya simu, na hapa mpangilio wa hatua una maana. Zima data ya simu kwanza. Hatua hii ikisahaulika, laptopu ya mwenzako inajiona ina intaneti, inaanza kusasisha Windows, na bando lako linakwisha kabla slaidi hazijafika. Data ya Uganda ina ushuru wa asilimia 12 tangu Julai 2021, kwa hiyo kila GB inayopotea unailipia na kodi yake. Baada ya hapo washa hotspoti, na kama simu zote zina uwezo chagua bendi ya 5 GHz. Mwenzako ajiunge. Simu yake ikisema mtandao huu hauna intaneti, akubali kubaki, na aizuie isirudi yenyewe kwenye eduroam, kwa sababu simu nyingi hutoroka kimyakimya katikati ya kutuma na lawama inaiangukia programu. Kwenye Windows weka mtandao huo kuwa wa binafsi badala ya wa umma, la sivyo fayawoli yake itafunga poti 53317 ambayo LocalSend inaitumia. Kama bado hamwonani, andikeni anwani ya IP kwa mkono. Inaonekana ndani ya LocalSend yenyewe.

Kasi inategemea bendi. Kwenye 2.4 GHz tegemea MB 3 hadi 5 kwa sekunde katika hosteli iliyojaa waifai, kwa hiyo folda ya MB 600 ni dakika 2 hadi zaidi ya 3. Kwenye 5 GHz ni haraka mara kadhaa. Kasoro yake ni idadi: hotspoti ya simu haipokei vifaa vingi, mara nyingi si zaidi ya 10 hivi.

Kwa darasa zima, ruta ndogo ya mezani isiyounganishwa popote ni suluhisho zuri kuliko yote. Iwashe, laptopu moja ifungue ile seva ya Python, wengine wajiunge na kupakua kwa zamu. Ila usiichomeke kwenye soketi ya mtandao ya ukutani. Ukiichomeka kwa upande wa LAN, ruta hiyo itaanza kugawa anwani zake za 192.168 kwa ghorofa nzima, watu watapoteza intaneti pasipo kujua sababu, na fundi atatumia mchana kutwa kuitafuta chumba kwa chumba.

Flashi bado ina nafasi yake. Iliyopangwa kwa FAT32 haikubali faili moja la kuzidi GB 4, hata ikiwa na nafasi ya GB 60. Ipange upya kwa exFAT baada ya kutoa vilivyomo. Ukiirudisha kutoka duka la kuchapishia na kukuta kila folda imegeuka njia ya mkato yenye KB 1 au 2, usibofye. Mafaili yako yapo ila yamefichwa. Kagua flashi kwa programu ya kuzuia virusi, kisha fungua dirisha la amri uandike attrib -h -r -s /s /d E:\*.* ukibadilisha E kwa herufi ya flashi yako, halafu futa zile njia za mkato. Kama unakwenda kuchapisha tu, peleka PDF kwenye flashi isiyo na kitu kingine.

Wanafunzi wa kompyuta watakutana na kizuizi kimoja cha ziada: poti 22 imefungwa, na git inaganda wakati wa kusukuma kazi GitHub. Hakuna haja ya VPN. GitHub inapokea SSH pia kwenye poti 443 kupitia ssh.github.com. Kwenye faili la mipangilio ya SSH weka, chini ya Host github.com, jina la seva ssh.github.com, poti 443 na mtumiaji git. Miongozo ya Ulaya ya eduroam huwashauri wenyeji waache wazi poti 22 pamoja na zile za barua pepe na VPN za kawaida, kwa hiyo una haki ya kuandikia ofisi ya TEHAMA kwa upole ukiomba ifunguliwe.

Kwa walio upande wa pili wa ruta

Mafundi wa vyuo wanafanya kazi ngumu kwa bajeti finyu, na tunayosema hapa hayahitaji kununua fayawoli mpya.

Badala ya kuwinda torenti, gawa laini kwa usawa. Kwenye MikroTik, foleni ya PCQ (ya kugawa kasi kwa kila mtumiaji) yenye kiwango cha 0 humpa kila anayetumia sehemu sawa ya kilichopo: wakiwa 10 kila mmoja anapata kingi, wakiwa 500 kila mmoja anapata kidogo, na hakuna anayewameza wenzake. Kwa kazi hiyohiyo RouterOS 7 ina pia fq_codel na CAKE, na fayawoli ya pfSense ina FQ_CoDel. Kosa tunalolikuta mara kwa mara ni kuweka foleni huku FastTrack, njia ya mkato ya kupitisha trafiki, imeachwa wazi kwenye fayawoli. Miunganisho iliyopitishwa FastTrack inaruka foleni za kawaida kabisa, kwa hiyo fundi anashusha namba wiki nzima na hakuna kinachobadilika. Kisha weka kikomo cha miunganisho kwa kila anwani, 200 au 300. Hicho peke yake kinailinda ruta dhidi ya torenti kuliko kichujio chochote cha maudhui, na hakimgusi anayesoma. Mwisho, legeza kikomo cha kasi kuanzia saa 6 usiku hadi saa 12 asubuhi, laini inapokuwa tupu na umekwisha kuilipia.

Halafu weka seva moja ndani. Vifaa vibaki vimetengwa, lakini vyote viione seva hiyo. Kompyuta ya kawaida yenye diski ya TB 2 ikiwa na Nextcloud, programu ya kuhifadhi na kushirikisha mafaili, inatosha kwa kitivo, na FileSender, programu huria iliyotengenezwa na mitandao ya utafiti kwa kazi hii hasa, inamwezesha mtu kutuma faili kubwa kwa kiungo. Kama kuna Moodle, mfumo wa masomo ya mtandaoni, kama ilivyo MUELE ya Makerere, basi seva ipo tayari, angalia tu ukubwa wa faili unaoruhusiwa. PHP, lugha inayoiendesha Moodle, huja na kikomo cha MB 2 kwa faili na MB 8 kwa ombi zima. Fundi asipogusa upload_max_filesize na post_max_size, mhadhiri hataweza kupandisha faili kubwa, na ataishia WhatsApp. Ongeza Kiwix yenye Wikipedia, na faili la Ubuntu la mwaka huu, na lile la programu ya takwimu inayofundishwa muhula huu. Mahitaji ya mwezi wa kwanza yote yatakuwa yamebaki ndani.

Kabla ya kulipia hosteli

Matangazo ya hosteli za Kikoni, Banda na Kansanga, mitaa ya Kampala, mara nyingi husema waifai ipo. Muulize msimamizi kama ni eduroam au ni laini ya hosteli yenyewe, maana ya pili haihusiani na akaunti yako ya chuo na kanuni zake ni za mwenye nyumba. Uliza vifaa vingapi vinaruhusiwa kwa mtu mmoja. Kama wanahesabu kwa anwani ya MAC, yaani kitambulisho cha kifaa kwenye mtandao, zima ile hali ya simu kubadilisha anwani yake kwa mtandao huo, la sivyo simu moja itahesabiwa mara mbili na laptopu itakosa nafasi. Uliza kama swichi na akses pointi zina betri, kwa sababu laini inaweza kuwa nzima huku kisanduku cha ghorofa yako kimezima. Omba kujiunga kwa dakika 10 ukiwa ndani ya chumba chenyewe, mlango umefungwa, kwani ukutani kwa nje ya ofisi ya msimamizi kila waifai ni nzuri. Fanya lile jaribio la poti 8000 kati ya simu na laptopu, kisha pakua faili la MB 100 ukiangalia saa: kwa megabiti 2 kwa sekunde linapaswa kumalizika chini kidogo ya dakika 7. Na uende saa 3 usiku wakati wa muhula, wakazi wote wakiwa ndani, badala ya saa 4 asubuhi wakiwa madarasani.